Machozi ya Phiona

Nimeitazama Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair mara tatu hapa Kasulu. Kinachonirudisha si nyumba ambayo Phiona Mutesi, binti wa Kampala anayecheza sataranji, anampatia mama yake mwishoni. Ni kilio chake baada ya kushindwa kwenye Olimpiadi, Urusi. Madina Nalwanga anakiigiza vizuri mno. Lakini sinema ina haraka ya kuyageuza machozi hayo kuwa tiketi ya kutoka kwenye umaskini, kana kwamba mtoto maskini haruhusiwi kutaka kushinda tu. Kibondo nimewaona wanaolia hivyohivyo kwa drafti ya vizibo vya soda, wasiotarajia zawadi yoyote, giza linaingia, mmoja anang'ang'ania: “Tupange tena.”