Kinanda Kijuacho Rasti

Mwanamuziki anayerikodi chumbani kwake leo hana haja ya kinanda cha kubeba. Hupakua programu ya kinanda, akaipachika ndani ya kompyuta, na sauti mia kwa mia zikamjia. Hapo ndipo wengi hupotea: huchagua kwa wingi wa sauti na uzuri wa picha kwenye kioo, kama mnunuzi wa udi asifuye nakshi asiguse uzi.

Kwa atungaye taarabu, swali la mwanzo ni jengine: je, kinanda hiki chajua Rasti? Sauti ya tatu ya maqamu hiyo hukaa baina ya funguo mbili za piano, na ya pili ya Bayati vivyo hivyo. Mpiga fidla huipata kwa kidole. Mpiga kanuni, kwa vichuma vidogo anavyoviinua na kuvishusha. Kinanda chenye ngazi 12 zilizo sawa hakina pahala pake, na mwimbaji, masikini, hulazimika kukifuata kinanda.

Surge, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2018, hupokea ngazi yoyote iliyoandikwa kwa mtindo wa Scala. Vital ya 2020 pia, ingawa mng'ao wake humfunika mwimbaji. Dexed, inayoiga Yamaha DX7 ya 1983, huliweza jambo ambalo DX7 ilipotoka kiwandani haikuliweza. Zote tatu hupatikana bure. Achaguaye na aishushe kwanza ile sauti ya tatu kiasi cha robo, aimbe juu yake, ndipo atazame hizo picha.