Nguzo Mama na Suala la Msingi

Kila mwaka ifikapo tarehe 8 Machi wanawake wa nchi yetu huvaa sare za vitenge, huandamana, hucheza ngoma na kusikiliza hotuba. Ni haki yao. Lakini siku hiyo haikuletwa na watu waliotaka kusifiwa. Mwaka 1910 wanawake wa kisoshalisti waliokutana Copenhagen, akiwemo Clara Zetkin, walipendekeza iwepo siku ya wanawake kimataifa ili kuendeleza madai yao, kwanza kabisa haki ya kupiga kura. Tarehe 8 Machi 1917 wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd waliziacha mashine zao wakadai mkate, na mgomo wao ukawa mwanzo wa mapinduzi yaliyomwondoa mfalme wa Urusi. Sherehe iliyoanza kama madai ikigeuka kuwa pongezi tu, imekwisha kupoteza shabaha yake.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuirudia tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama, iliyotolewa mwaka 1982. Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: je, tamthilia hii inatufundisha nini juu ya sababu za kukwama kwa ukombozi wa mwanamke, na ni wapi mafunzo hayo hayatoshi?

Maudhui

Katika kijiji cha Patata nguzo imelala chini. Ni Nguzo Mama, na kazi ya kuisimamisha ni ya wanawake wa kijiji. Wanakusanyika, wanaimba, wanajaribu kuinyanyua. Lakini mara baada ya mara kazi inavunjika, kwani kila mmoja ana lake linalomvuta kando. Mwingine ana mume anayekula jasho lake. Mwingine ni mjane, na ndugu wa marehemu wanafika kuchukua mali yote aliyoichuma pamoja na mumewe. Wanawake wenyewe nao wanalumbana. Hadi mwisho wa mchezo nguzo haijasimama.

Mwandishi ametumia fani ya jadi kwa shabaha maalumu. Yupo Bi Msimulizi anayeisimulia hadithi kama bibi anavyowasimulia wajukuu jioni; zipo nyimbo na ngoma. Wanawake wanaitwa kwa namba: Bi Pili, Bi Nane na kadhalika. Kwa namna hiyo mtazamaji hawezi kujificha akidai kwamba hayo ni mambo ya fulani. Namba inaweza kuwa ya mama yake, dada yake au mkewe.

Tunampongeza mwandishi kwa ujasiri wa kuiacha nguzo chini. Mwaka 1982 ilikuwa rahisi kumaliza mchezo kwa wimbo wa ushindi. Wakati huo Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwa umetimiza miaka 20 tangu uanzishwe mwaka 1962, ukiwa na Bibi Titi Mohamed kama mwenyekiti wake wa kwanza. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka 15. Msanii alikataa kutusifia kazi ambayo haijakamilika, na huo ndio msaada mkubwa ambao msanii anaweza kukipa chama cha siasa.

Upungufu

Hata hivyo ni lazima tuseme pia mahali tusipokubaliana. Mtu akiisoma tamthilia hii kwa haraka atatoka na jibu moja tu: nguzo haikusimama kwa sababu wanawake hawakuungana. Kutoka hapo ni hatua ndogo kufikia ule usemi unaopendwa sana vilabuni na hata katika baadhi ya mikutano yetu, kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke. Fikra hiyo ni potofu. Inamtwisha mtu aliyeonewa lawama ya kuonewa kwake.

Kutoungana kwa wanawake wa Patata ni matokeo, si chanzo. Mwanamke anayelima shamba la ukoo wa mumewe, analala katika nyumba ambayo ataondolewa siku mume akifa, na hana mahali pengine pa kushika, hawezi kuwa huru kuacha shughuli zake na kwenda kunyanyua nguzo pamoja na wenzake. Kila uamuzi wake unapitia kwa mwenye ardhi. Kwa hiyo swali la kwanza haliwezi kuwa nani ameshika kamba na nani ameiacha. Ni lazima tuulize kwanza: udongo unaochimbiwa nguzo hiyo ni wa nani?

Tamthilia yenyewe inatupa jibu katika kisa cha mjane, ingawa hailitilii mkazo wa kutosha. Wale ndugu wa marehemu si wezi waliovamia usiku. Wanakuja mchana, mbele ya watu, wakiamini kwamba wana haki. Na kwa hakika walikuwa na maandishi ya kutegemea. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lililotolewa na serikali huru, liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; mjane atatunzwa na watoto wake. Binti naye aliwekwa katika daraja la mwisho la warithi, na haki yake juu ya ardhi ya ukoo ikawekewa mipaka.

Ndugu, jambo hili linapaswa kutufikirisha. Mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba maisha ya jadi yalikuwa na dosari katika hali ya mwanamke, na kwamba wanawake walifanya na bado wanafanya kazi kupita sehemu yao ya haki, shambani na nyumbani. Miaka minne baadaye Sheria ya Ndoa ya 1971 ikampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe na ikakataza mume kumpiga. Hizo zilikuwa hatua kubwa. Lakini wakati mkono mmoja ukiandika hayo, maandishi ya 1963 yalibaki kabatini, yakisubiri kila msiba.

Yaliyotokea baada ya 1982

Historia imeuthibitisha mchezo huu kuliko mwandishi mwenyewe alivyoweza kutazamia. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, kwa uamuzi wa Jaji Mwalusanya, ilikataa mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ilhali mwanamume aliruhusiwa. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikatamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Lakini wajane wawili walioondolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao walipokwenda mahakamani kulipinga tangazo la 1963, Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzitengua kwa hoja kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya tarehe katika hati. Ilibidi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake iseme, mwaka 2015, kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mjane wa Patata alikuwa amepata wenzake, miaka 33 baada ya kuandikwa.

Wapo watakaosema: mbona wanawake wameingia Bungeni kwa viti maalumu, na mbona tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa nchi yetu? Hayo ni mafanikio ya kweli, na yeyote anayeyabeza hasemi kwa nia njema. Lakini kiongozi mwanamke ni ishara ya mahali tunapoweza kufika. Haondoi peke yake kanuni ya urithi inayomfukuza mama wa kijijini. Kuichukua ishara badala ya kazi ni kurudia kosa la Patata, la kuimba huku nguzo imelala.

Wajibu wa kada

Uhakiki usiomwonyesha kada la kufanya ni mapambo. Sheria ya 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Kada aulize katika kijiji chake: je, wajumbe hao wapo, wanaitwa, wanasikilizwa? Msiba unapotokea na wajomba wakaanza kuhesabu mabati, je, kiongozi wa tawi anafika pale kuieleza sheria, au anafika kula pilau tu? Je, mkutano wa kijiji umewahi kusomewa kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili?

Wanafunzi nao waigize Nguzo Mama vijijini, si darasani tu, na baada ya mchezo wakae na wazee na wajane kuzungumza habari ya mashamba yao. Hapo ndipo sanaa inapotimiza kazi yake.

Mwandishi aliiacha nguzo chini ili tuione. Hatutaisimamisha kwa kuwahimiza wanawake wavute kwa nguvu zaidi, wakati sisi tuliokabidhiwa chama na serikali tumesimama juu ya udongo ambao ingepasa uchimbwe. Tuanze kwa kusogea, kisha tushike jembe pamoja nao.