Mji wa Kurudi Jioni

Kuna msafiri anayefunga mizigo kila asubuhi, na kuna anayeacha begi chumbani akatoka na chupa ya maji na nauli mfukoni. Huyu wa pili amefanya kazi yake kabla ya safari kuanza: amechagua vizuri mji wa kulala. Huo ni ustadi, nao unastahili sifa, kwa sababu kwa mtegemea daladala uchaguzi huo mmoja ndio unaoamua kama ataiona nchi yote au kipande chake tu.

Tuchukue Kilimanjaro. Mgeni aliyeupenda mlima huvutwa kulala Marangu au Machame, kwenye migomba, ubaridi na maji ya mifereji. Ni mahali pazuri kweli. Lakini mteremko wa kusini umekatwa na makorongo marefu, na barabara kubwa zimefuata migongo iliyo kati ya makorongo hayo. Ni kama kiganja na vidole: Machame ina kidole chake, Kibosho chake, Old Moshi chake, Marangu chake, na kiganja kiko chini, Moshi mjini. Aliyelala Marangu akitaka kwenda Machame kwa daladala atashuka Himo, atafika stendi ya Moshi, atashika barabara ya Arusha hadi njia panda, ndipo aanze kupanda tena. Aliyelala Moshi amekwisha kuokoa nusu ya safari hiyo.

Reli ilikata shauri hilo kabla yetu. Wajerumani waliweka kituo chao juu, Old Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, haikupanda huko. Iliishia tambarare, na mji ukashuka kuifuata. Ikafuata kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikaa Moshi, mahali ambapo magunia ya kila mgongo yalishuka na kukutana na reli. Hata Bodi ya Kahawa ina makao yake hapo. Mji uliofaa kupokea mazao ya mlima mzima unafaa pia kumpeleka msafiri kule yalikotoka.

Hata hivyo, njia panda peke yake haitoshi. Mwenye ustadi huu husoma mwendo wa watu. Asubuhi magari hushuka yamejaa wanafunzi, mafundi na akina mama wenye mikungu ya ndizi. Jioni watu hao hao hupanda kurudi makwao. Anayelala mjini huenda kinyume chao. Asubuhi atakaa ndani ya gari dogo la Noah akisubiri lijae, na jioni magari ya kushuka huenda yakaisha mapema kuliko ya kupanda, maana madereva wengine nao kwao ni juu. Kwa hiyo habari ya gari la mwisho haiulizwi stendi ya Moshi, ambako mpiga debe atakuapia kwamba magari yapo muda wote. Huulizwa kule juu, mara tu ushukapo, kwa mama anayeuza parachichi kando ya kituo. Yeye anajua gari lipi hushuka la mwisho, na dereva wake ni nani.

Siku ya soko hubadilisha hesabu yote. Mwika ikiwa na soko, magari huongezeka na hayakawii kujaa. Konda hupanda kwenye keria, akalaza mikungu mmoja baada ya mwingine, akaikaza kamba kwa goti, kisha akagonga bati na gari likaondoka. Kwa hiyo mpangaji makini huuliza kwanza siku za masoko. Siku yenye magari mengi huenda mbali, Rombo yote hadi Tarakea mpakani. Siku nyingine hubaki Kibosho au Kiboriloni. Mabingwa wa elimu hii ni wachuuzi wanaozunguka masoko na robota zao za mitumba. Anayetaka kujifunza akae nao kiti kimoja na kuwasikiliza.

Faida kubwa kuliko zote huja polepole. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukirudi jioni baada ya jioni pale pale, muuza chapati haulizi tena unakwenda wapi. Anauliza umetoka wapi, na kama kule mvua imenyesha, maana ana shangazi yake huko. Sasa una habari ya kupeleka na ya kuleta, na safari imekuwa mazungumzo.

Wala asikariri mtu kwamba mji wa kulala uwe chini daima. Usambara mambo hugeuka. Mombo ipo tambarare, kwenye barabara kuu, lakini kutoka hapo inapanda njia moja kubwa ya kwenda Lushoto kupitia Soni. Ni huko juu ndiko njia za Mlalo na Mtae zinakoachana. Atakayelala Mombo atapanda mlima ule ule kila asubuhi. Huko, Lushoto ndilo jibu. Ndiyo maana nausifu ustadi huu: hauna kanuni ya kunakili. Unamtaka mtu aijue nchi kwa njia zake na watu kwa saa zao kabla hajalipia kitanda, na anayefanya hivyo amekwisha kuwapa heshima wenyeji wake.