Faili Lilikuwa Zima

Mmeiona wote. KB5034441 ilijitokeza kwenye orodha ya masasisho ya Windows 10, asilimia zikapanda taratibu, mashine ikatafakari, kisha ikatema 0x80070643. Ulibonyeza kujaribu tena, ukapata ileile. Ulizima na kuwasha, ileile. Sitazunguka mbuyu: Microsoft walikosea. Sasisho lilitoka tarehe 9 Januari 2024, na karibu miezi minne baadaye wakatangaza kwamba hakuna sasisho jingine litakalokuja kulimaliza tatizo hili lenyewe, kwa hiyo mwenye kompyuta ajikatie diski kwa mkono wake. Huo ndio uamuzi ninaouandikia leo, na nimeutafuta upande wake mzuri nikaukosa.

Haki yao niwape mapema. Tundu la CVE-2024-20666, lililomwezesha mtu aliyeishika kompyuta mkononi kuikwepa BitLocker, lile kufuli la usimbaji la Windows, kupitia WinRE, mazingira yake ya uokoaji, na kufikia data iliyofungwa, lilikuwa tundu la kweli, na kiraka chake kilikuwa sahihi.

Sasa ile namba. Wasomaji wa siku nyingi wanajua ugomvi wangu na namba za makosa, na leo siuachi. Chukua 643 ya mwisho, iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, uigeuze iwe hesabu tunayoitumia sokoni: inakuwa 1603. Kila fundi aliyewahi kupambana na vifurushi vya MSI anaijua 1603. Maana yake ni kwamba usakinishaji umeshindwa vibaya, basi. Ni sawa na daktari kumpima mgonjwa kisha akaandika kwenye cheti kwamba mgonjwa anaumwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu sahihi lilikuwemo ndani ya Windows yenyewe: CBS_E_INSUFFICIENT_DISK_SPACE, yaani nafasi ya diski haitoshi. Microsoft wenyewe walikiri kwamba sehemu ya programu inayoshughulikia makosa ilichanganya mambo ikatoa namba ya jumla badala ya ile ya kweli. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza mtu wa nyumbani aliambiwa jambo lisilo lenyewe.

Na mtu akiambiwa hivyo hufanya nini? Anafanya tulichomfundisha sisi mafundi kwa miaka yote hii: anadhani faili la sasisho limeharibika. Anasimamisha huduma za wuauserv, bits na cryptsvc. Anabadilisha jina la folda ya SoftwareDistribution, na ya catroot2 akiwa makini. Anaziwasha huduma tena, anapiga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, anamalizia na sfc /scannow. Dawa hiyo si mbaya, mimi mwenyewe naitumia. Ukikutana na 0x80070570 inayosema faili limeharibika na halisomeki, au 0x80073712 inayosema ghala la vipande vya Windows lina kasoro, huko ndiko pa kuanzia. Folda ya upakuaji inasafishwa, kipande kibovu kinaletwa upya, mambo yanaendelea.

Lakini hapa faili lilikuwa zima. Lilipakuliwa lote na kupita ukaguzi, halikuwa na doa. Kila aliyefuata njia ile alikuwa anamtibu asiyeumwa. Na tiba hiyo hula bando. Ukiifuta SoftwareDistribution, kila kilichokuwa kimepakuliwa kikisubiri zamu yake kinaanza upya, pamoja na lile furushi kubwa la mwezi. DISM ikikosa kipande kizima ndani ya mashine inakwenda kukichota Windows Update. Mwenye waya wa fiba hata hasikii. Anayewasha hotspoti ya simu na kuhesabu megabaiti anasikia kila hatua, na akimaliza anarudishwa palepale kwenye 0x80070643.

Ukweli ulikuwa mdogo na ulikaa mahali padogo. WinRE, yale mazingira ya uokoaji unayoyakuta Windows inapogoma kuwaka, ni faili moja kubwa liitwalo winre.wim, na kwenye kompyuta nyingi linaishi kwenye patisheni yake yenyewe. KB5034441 ilitaka kuliboresha faili hilo, na kazi hiyo ilihitaji megabaiti 250 za nafasi tupu ndani ya patisheni ile. Mashine nyingi hazikuwa nazo.

Nani aliipima patisheni hiyo ikawa ndogo? Mwenye nyumba hakuipima. Kwa kawaida ilikatwa na kisakinishi cha Windows siku mashine ilipopigwa Windows, au na kiwanda kilichoiunda kompyuta. Mtumiaji hakuulizwa anataka ukubwa gani wala hakuambiwa kwamba ipo. Akienda kuitazama leo kwenye Disk Management anasoma kwamba iko tupu kwa asilimia 100, kwa sababu chombo kile hakioni ndani ya patisheni isiyo na herufi. Ametegwa mara mbili sasa, kwanza na namba ya kosa, kisha na picha ya diski.

Hapo ndipo wakamkabidhi kisu.

Nendeni polepole nami, maana hapa ndipo penye uzito. Maelekezo yaliyotolewa yanaanza na reagentc /info kuona WinRE iko wapi, kisha reagentc /disable. Baada ya hapo unaingia diskpart. Unachagua diski kwa namba, unachagua patisheni ya Windows kwa namba, unaipunguza kwa shrink desired=250 minimum=250. Unachagua patisheni ya WinRE, tena kwa namba, unaandika delete partition override. Unaunda mpya: kama diski ni GPT unaandika kitambulisho kirefu kinachoanza na de94bba4 na sifa yenye sufuri kumi na tano, kama ni MBR unaandika id=27. Unaifomati, unatoka, unapiga reagentc /enable, unaomba Mungu.

Lisome tena lile neno override. Kazi yake ni kuiondoa kinga ambayo diskpart huweka ili mtu asifute patisheni ya mfumo kwa bahati mbaya. Mtu ambaye jana alikuwa anamwandikia mwanawe barua ya kuomba nafasi ya shule leo anaambiwa aondoe kinga na afute, akiongozwa na namba tu. Akiwa amechomeka diski ya nje yenye picha za harusi, ile orodha ya diski ina namba mbili, na hakuna kinachomzuia kuchagua isiyo yake. Kompyuta za viwandani mara nyingi zina patisheni ya pili ya uokoaji, ile ya kuirudisha mashine ilivyotoka dukani, na kwenye diskpart zote mbili zinaitwa Recovery. Akifuta hiyo, haitarudi. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wachache hulitaja: reagentc /disable inatakiwa kulihamishia winre.wim kwenye C:\Windows\System32\Recovery. Kama uhamisho huo haukufanyika nawe ukaendelea kufuta, umefuta chombo cha uokoaji chenyewe, na hutajua mpaka siku utakapokihitaji. Na umeme je? Diski inapunguzwa, umeme unakatika, mashine ya mezani haina UPS. Nani atabeba lawama?

Nimesikia utetezi, na wanaoutoa ni watu ninaowaheshimu. Wanasema diski za watu zimepangwa kwa namna elfu moja, kwamba zamani patisheni ya WinRE iliwekwa mwanzoni mwa diski na tangu toleo la 2004 la Windows 10 usakinishaji mpya unaiweka nyuma ya C, kwamba programu ikijaribu kupanua yenyewe kwenye mamilioni ya mashine itaharibu baadhi. Yote hayo ni kweli. Ndiyo sababu hasa nasema uamuzi ulikuwa mbaya. Kama kazi hiyo ni ya hatari kwa waliouandika mfumo, wenye maabara na vipimo vinavyowaletea taarifa kutoka kila pembe ya dunia, imekuwaje iwe salama mikononi mwa mama mwenye duka la kuchapisha na kudurufu? Tena walikuwa wamekwisha kuandika skripti ya PowerShell ya mfano kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao, inayoikuza patisheni ile. Maofisi yakapata skripti, nyumba zikapata ukurasa wa amri za kunakili.

Njia zilikuwepo. Ya kwanza ni ya darasa la kwanza: pima kabla ya kutuma. Kujua kama patisheni ina megabaiti 250 hakuhitaji uchawi, Windows inaijua diski yake. Kama hazipo, usilete sasisho, au lilete likiwa na sentensi moja inayosema kinachopungua. Ya pili: angalia kama diski imefungwa kwa usimbaji. Tundu lililozibwa ni la kuikwepa BitLocker, na kompyuta nyingi za nyumbani hazijafungwa kabisa. Mwizi akiiba mashine ya namna hiyo hahitaji tundu, anachomoa diski na kuisoma. Kuna faida gani kumhangaisha mtu huyo abadili kufuli la mlango asiokuwa nao? Na kwa mashine hizo zisizofungwa WinRE inaweza hata kukaa ndani ya C yenyewe, kwenye folda ya Recovery, pasipo kumgusa mtu patisheni.

Badala yake sasisho lilikwenda hata kwa kompyuta zisizo na patisheni ya WinRE, na wenye mashine hizo wakaambiwa kwamba hawalihitaji na kosa wanaloliona walipuuze. Hili linanikera kuliko hata diskpart. Miaka mingi tunawaambia wazazi wetu, wateja wetu, watoto wetu: sasisho likishindwa usilipuuze, huko ndiko virusi hupitia. Kazi ya miaka inabomolewa na neno hilo moja, tena kutoka kwa mwenye mfumo. Mtu aliyezoea kuliona KB5034441 limefeli kila wiki hatashtuka siku sasisho la maana litakapofeli kando yake.

Wazee walifanya vizuri zaidi. Nalisema nikijua nitaambiwa nimezeeka. Kumbukeni Service Pack 2 ya Windows XP, Agosti 2004. Faili lake kamili lilikuwa la megabaiti 266 hivi, zigo zito kwa intaneti ya wakati ule, lakini lilikuwa moja. Uliliweka kwenye CD au flashi, ukalibeba mtaa mzima, mashine kumi zikapona kwa upakuaji mmoja. Na kama C haikuwa na nafasi, lilikuambia kabla halijagusa kitu, kwa maneno, likitaja ni megabaiti ngapi zinapungua. Miaka ishirini kabla ya KB5034441 kampuni ileile ilijua kupima kwanza. Ujuzi huo ulipotelea wapi?

Au tazameni Debian. Apt ikikuta faili lililopakuliwa halilingani na muhuri wake inasema Hash Sum mismatch, na unajua papo hapo kwamba kasoro iko kwenye upakuaji au kwenye seva, nenda ukabadilishe kioo, yaani seva ya nakala. Ikikosa nafasi inasema haina nafasi na inataja folda. Ni maneno mawili tofauti kwa magonjwa mawili tofauti, na hicho tu ndicho ninachodai.

Na namkumbuka Mark Russinovich na mwenzake Bryce Cogswell, waliotupa zana za Sysinternals tangu 1996. Walitufundisha kutoamini ujumbe wa kosa. Fungua Process Monitor, tazama programu ilijaribu kugusa faili gani, ikajibiwa nini na mfumo. Microsoft iliinunua kazi yao mwaka 2006, na ndani ya nyumba hiyohiyo likatoka sasisho ambalo ujumbe wake haukukaguliwa kwa macho ya namna ile.

Kwa wenye mashine za Windows 10 ambazo bado zinaonyesha alama ya kufeli kwenye historia, hili ndilo ninalofanya ninapoletewa. Napiga reagentc /info kwanza. Kisha naangalia kama BitLocker imewashwa. Kama haijawashwa, diski siigusi: namrudishia mwenyewe kompyuta yake, na SoftwareDistribution naiacha kama ilivyo. Kama imewashwa, nanakili kila kitu kwenye diski ya nje, nahakikisha nakala inafunguka, naichomoa diski hiyo na kuiweka mbali, nachomeka mashine kwenye UPS, na hapo tu ndipo nafungua diskpart, baada ya kuliona winre.wim kwa macho yangu ndani ya System32\Recovery.