Ukimya wa Marafiki na Ukimya wa Darasani Kwetu

Katika madhehebu ya Kikristo yaliyoleta shule Afrika Mashariki, Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, husifiwa sana na watu ambao hawajapata kuingia katika shule yao hata moja. Husemwa kwamba kwao mtoto hapigwi, kwamba mwalimu na mwanafunzi ni sawa mbele ya Mungu, na kwamba watu wote hukaa pamoja kimya kabla ya kazi. Sifa hizo zina asili yake. Tangu karne ya 17 huko Uingereza, Marafiki wameamini kuwa ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, na anayeguswa nayo, mwanamume au mwanamke, aweza kusimama katika ibada akasema. Ni imani nzuri. Swali langu ni kiasi gani cha imani hiyo humfikia mtoto aliyekaa dawati la nyuma.

Swali hili si la kujifurahisha. Mama mmoja wa hapa Mogitu ana binti aliyemaliza darasa la saba, mwenye akili, ambaye katika chumba cha watoto zaidi ya themanini hakuwahi kunyoosha kidole. Amesikia habari za shule ndogo ya Marafiki magharibi mwa Kenya, na yu tayari kuuza ng'ombe. “Mwalimu,” aliniambia, “nataka huyu mtoto apate sauti.” Ng'ombe akishauzwa harudi zizini, kwa hiyo tuitazame bidhaa kabla ya kulipa.

Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902, yaani Hotchkiss, Hole na Chilson, walikuwa Wamarekani. Misheni yao waliiita ya ufundi, na walitaka Mwafrika ajifunze Biblia pamoja na kazi za mikono. Tena walitoka katika lile tawi la Marafiki lililokwisha kupokea nyimbo na mahubiri. Ndiyo maana leo, mzazi aendaye huko kutafuta ibada ya kimya atakuta kwaya, ngoma na mhubiri. Sioni kosa hapo. Waluhya wameimba dini yao kama walivyopenda. Ila asije mtu akadhani amedanganywa.

Kuhusu udogo, shule ya sekondari ya Marafiki iliyo mashuhuri kuliko zote, Kamusinga, karibu na Kimilili, ilianza mwaka 1957. Leo ina wanafunzi zaidi ya elfu moja na inasifika kwa mitihani na mpira wa magongo. Ibada ya kimya ya kila wiki waweza kuiona katika shule ya Sidwell mjini Washington, walikosoma mabinti wa Obama, lakini huko ada ya mwaka mmoja inazidi dola 40,000. Ng'ombe wote wa Hanang hawatoshi kusomesha kijiji.

Karibu zaidi nasi kulikuwa na Marafiki wa Kiingereza, hao wa kimya, waliokwenda Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar. Walinunua shamba la karafuu huko Banani, ili walioachwa huru wafanye kazi kwa ujira. Waumini waliwapata wachache tu, na si ajabu: watoto wa Pemba walikuwa na vyuo vyao vya Kurani.

Habari ya kiboko nayo ipimwe. Kenya ilikipiga marufuku mashuleni mwaka 2001, kwa shule zote, za Marafiki na zisizo zao. Kwetu kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kwa hiyo mama huyu akivuka mpaka, sheria itakuwa imemnunulia sehemu kubwa ya kile anachodhani ananunua kwa Marafiki. Nakiri kwamba hilo peke yake ni jambo kubwa. Nimeona walimu wanafunzi wakichukua fimbo kabla ya chaki.

Lakini kiini kiko kwingine. Kuna ukimya wa kungojea, na kuna ukimya wa kuogopa. Wa kwanza ndio Marafiki walioujengea dini. Wa pili binti yetu anao tayari, na hahitaji kuulipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali. Akakuta ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma na saa yangu nikihesabu. Mara nyingi sikufika hata mbili. Mwalimu alikwisha kujijibu mwenyewe, na darasa likaitikia “ndiyooo”.

Sasa mtoto huyu aliyesomeshwa kwa Kiswahili miaka saba aingizwe katika shule ya Kiingereza, ugenini, safari ya siku mbili, katika mfumo wa madarasa usiolingana na wetu. Hata Rafiki mwema kuliko wote atahitaji kungoja zaidi ya sekunde tatu. Je, anajua kwamba kimya kile ni cha lugha, si cha sala?

Wala tusijifanye kwamba hapa kwetu hapana mfano wa kusikilizana. Wadatoga wana baraza la wanawake, girgwageda gademga, ambalo huketi na kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke, na mwanamume hulipa. Bibi za hawa hawa mabinti wanaonyamaza darasani wamesema humo na wakasikilizwa. Sauti imepotelea wapi, kama si mlangoni mwa shule zetu?

Nilimshauri mama akaione shule hiyo kabla ya kuuza chochote. Asiombe kuonyeshwa kanisa, bweni wala maabara. Aombe kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima, mwalimu aulize swali, naye ahesabu polepole.