Gitare ya Mwenda wa Bayeke: sahani zake za kwanza

Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu na mahubiri. Mara hii twataka kupima sahani za muziki, tena si za kanisa. Wengine watashangaa. Lakini neno lenyewe limetufikia mlangoni. Katika parokia zetu vijana wa kwaya waomba ruhusa ya kupiga gitare katika Misa, namna ya wazee wa Katanga, kwa vidole viwili na bila umeme. Makatekista wawakatalia wakisema kwamba hiyo ni gitare ya kilabu cha pombe. Hapa Kiambi, kando ya mto Luvua, tumesikia maneno ya pande zote mbili, nayo yalikuwa makali. Basi kabla ya kutoa hukumu yafaa kusikiliza. Twadhani wengi wanaoihukumu gitare hiyo hawajaisikiliza hata mara moja toka mwanzo mpaka mwisho.

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika kabila la Wayeke, watu wa mfalme Msiri. Jina lake la ubatizo ni Jean-Bosco, jina la mtakatifu yule aliyekusanya vijana wa mitaani kwa michezo na kwa muziki. Mwaka 1952 alikuwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana wa miaka ishirini na kitu. Huko akasikiwa na Hugh Tracey, Mwingereza mwenye kukaa Afrika ya Kusini, aliyezunguka nchi nyingi na mashine ya kunasa sauti. Tracey akamnasa, na nyimbo zikatoka kwa sahani za Gallotone, zile za zamani zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika. Kila upande ulichukua dakika tatu tu hivi. Wimbo uliolifikisha jina lake mbali ni Masanga.

Ni nini kilicho ndani ya dakika tatu hizo? Mtu mmoja na gitare moja. Lakini mwenye kusikia mara ya kwanza hudhani kwamba wapo watu wawili au watatu. Kidole gumba chashika kamba nene chini, chaenda bila kuchoka kama mguu wa mtu mwenye safari ndefu. Kidole cha kuonyeshea chacheza juu, katika kamba nyembamba, nacho hakimfuati mwenzake hatua kwa hatua: chatangulia, chachelewa, chamvizia, kisha wakutana mahali pasipotazamiwa. Mwenda hakuwa na kidole cha tatu katika kazi hiyo. Mwanafunzi wa seminari aliyepata kujifunza wimbo wa sauti mbili au tatu kwa vitabu vya Wazungu atatambua mara moja kwamba hapa pana elimu, ingawa haikuandikwa. Wazungu wenyewe walitambua: David Rycroft alikaa akaziandika sauti hizo kwa alama za muziki, moja moja, akachapisha kazi yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na John Low akaja kwetu miaka ya 1970 kuketi miguuni pa wazee hao ajifunze kwa macho na masikio. Sisi tulio na wazee hao karibu hatukufanya hivyo. Tuliwapita barabarani.

Tena jambo moja latupendeza sana: ukimya uliomo. Mwenda hajazi kila nafasi. Kamba yaguswa, sauti yalia, yaachwa ife kidogo, ndipo ya pili yaja. Katika muziki wa leo wa simu na wa mabafle, nafasi hiyo haipo. Mashine ya kinanda yaijaza yote kama maji yajazavyo shimo.

Juu ya maneno ya nyimbo hatutasema mengi, kwa maana hayalingani yote. Mengine ni mazito, mengine ni mepesi, maneno ya kijana anayemsifu mchumba au kumlaumu bibi. Sauti yake pia si sauti kubwa. Ndugu yake Edouard Masengo alikuwa na sauti tamu kuliko yake, na mwenye kutaka kuimba ajifunze kwa Masengo. Mwenye kutaka kupiga, kwa Mwenda. Lakini Kiswahili chake kinastahili kutazamwa. Ni Kiswahili cha kambi za wafanyakazi, cha Likasi na Kolwezi, cha watu wa makabila mengi waliokutana kwa kazi ya shaba. Hakikutoka kitabuni. Na bado kilisikilika mpaka Nairobi! Kuelekea mwaka 1960 sauti yake ilitangaza dawa ya Aspro huko Kenya, na sauti ya Masengo ilitangaza Coca-Cola. Na wapiga gitare wa Kenya wakawasikiliza na kuiga vidole vyao. Katekismo yetu yasema Kiswahili cha Baudouinville, kilichonyoshwa na mapadri wenye kutazama pwani. Ni Kiswahili kizuri, nasi tunakiandika hapa. Lakini mama aliye nyuma kanisani, je, anaungama kwa Kiswahili gani? Kuna wimbo mmoja wa Mwenda uitwao Tajiri na mali yake. Katekista akisikia jina hilo peke yake, amekwisha kumkumbuka Lazaro mlangoni, na hakuhitaji kufunua kitabu.

Sahani za baadaye si sawa na zile za kwanza. Mwenda alienda Marekani mwaka 1969 kwa sikukuu kubwa ya muziki wa Newport. Aliongoza vikundi vyenye gitare za umeme. Mwaka 1982 alipiga Ulaya, na kabla ya kufa alinaswa tena Afrika ya Kusini kwa mashine bora. Alikufa kwa ajali ya gari katika Zambia, mwaka 1990. Mwenye kusikiliza sahani hizo za mwisho atafurahi kwa usafi wa sauti: kila kamba yasikika. Hata hivyo twakiri kwamba twazipenda zile za 1952 kuliko hizi. Katika hizi mzee anatuonyesha ginsi alivyokuwa akipiga. Katika zile kijana anapiga, na hajui bado kama ulimwengu unamsikia. Yafaa kuongeza kwamba Tracey naye alikuwa na mapendo yake: alitafuta kile alichokiona kuwa ni cha asili, na gitare za umeme hazikumpendeza. Kwa hiyo tusidhani kwamba sahani zake zatuonyesha Katanga yote ya siku zile. Zatuonyesha Katanga iliyopita katika sikio la mtu mmoja. Sikio zuri, lakini moja.

Mwaka jana kijana mmoja alituletea katika simu yake nyimbo za kikundi cha Wamarekani, R.E.M., watu wanne wa mji wa Athens katika Georgia, ambao waliacha kupiga pamoja mwaka 2011. Sahani yao kubwa ya kwanza, Murmur, ilitoka mwaka 1983, ya pili, Reckoning, mwaka uliofuata. Alituletea akisema: "Padri, huyu anapiga kama Mwenda." Si kweli kabisa, kwa maana gitare yao ni ya umeme na nyuma yake kuna ngoma. Lakini kijana hakuwa mjinga. Mpigaji wao, Peter Buck, badala ya kupiga kamba zote kwa pamoja kwa makofi, azichambua moja moja, zilie kama kengele ndogo. Kilichotushangaza ni mwimbaji, Michael Stipe. Jina la sahani ni mnong'ono, na kweli ananong'ona: katika sahani hizo za kwanza hata Wamarekani wenyewe walishindwa kuyashika maneno yake. Baadaye, kufika mwaka 1986, alianza kutamka wazi zaidi. Na vijana waliwapenda tangu maneno yalipokuwa hayasikiki.

Hapo tulikaa tukafikiri. Mtu aweza kuguswa na wimbo asioushika maneno? Desturi yetu ni kujibu haraka: hapana, wimbo wa kanisa ni neno kwanza, na sauti ni mtumishi wake. Nasi twashika hilo. Lakini babu zetu waliimba miaka mingi Kyrie kwa kigiriki na Sanctus kwa kilatini, na wengi wao hawakujua neno hata moja, na walilia machozi siku ya Pasaka. Na Missa Luba, ile ya kwaya ya Kamina chini ya Padri Guido Haazen Mfransisko, iliyonaswa 1958, ililetwa mbele ya ulimwengu kwa kilatini juu ya sauti za kwetu. Watu wa Ulaya waliipenda sana. Katika vijiji vyetu haikukaa sana. Kwa nini? Twaona sababu moja ni hii: ilitengenezwa vizuri mno kwa kusikilizwa, na wakristu wa Jumapili hawakuja kusikiliza, walikuja kuimba. Wimbo wa Mwenda una hatari hiyohiyo kwa njia nyingine. Mpigaji hodari akikaa mbele ya altare na kuonyesha vidole vyake, watu watatazama vidole.

Sasa tuje kwa sheria, maana makatekista watatuuliza. Papa Pio wa kumi, mwaka 1903, alikataza piano na vyombo vya kelele kanisani. Konsili ya Vatikano ya pili, katika Katiba juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, yaagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na mahali pake, na yaruhusu vyombo vingine zaidi ya ogani, kama vyafaa kwa matumizi matakatifu na vyawajenga waamini. Kisha maagizo ya Musicam Sacram ya 1967 yaongeza sharti: vyombo ambavyo, kwa maoni ya wote na kwa matumizi yao, ni vya muziki wa dunia tu, visiingie. Makatekista wetu washika neno hilo la mwisho, nao wana haki kulishika.

Lakini maoni ya wote ni maoni ya nani, na ya mwaka gani? Mwaka 1952 gitare ya vidole viwili ilikuwa kambini na kilabuni. Mwenzi wake alikuwa chupa tupu ya soda iliyogongwa kwa msumari. Mzee wa siku zile aliyesema kwamba ni muziki wa dunia alisema kweli. Leo ingia kilabu chochote cha Manono au cha Kalemie usiku. Utasikia umeme, mabafle, ndombolo, na mashine. Kamba ile iliyochambuliwa polepole hutaisikia. Imetoka kilabuni zamani, bila sisi kuifukuza. Ajabu ni kwamba kinanda cha umeme, chenye ngoma zake za kubonyeza kidole, kile kinachopigwa kila usiku kwa ndombolo, kimekwisha kuingia katika kwaya zetu, na hakuna aliyekipinga kwa Musicam Sacram. Tukipima kwa kipimo kimoja, kipi ni cha dunia zaidi?

Basi twaona hivi. Gitare hiyo yaweza kuingia, lakini si mahali pote. Kwa zaburi ya katikati inafaa sana, kwa kuwa ule ukimya wake waliachia neno nafasi. Kwa komunyo vilevile. Kwa Gloria hapana. Misa yetu ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yataka hapo ngoma na miguu ya watu, na gitare moja itazama. Wala nyimbo za Mwenda zenyewe zisibadilishwe maneno na kuitwa za kanisa. Tumesikia mahali pengine Masanga ikitiwa maneno ya Mama Maria, na watu walicheka mioyoni, kwa sababu walijua ilikotoka. Zichukuliwe mbinu za vidole. Sauti ziwe mpya.

Hofu yetu kubwa si hiyo. Wazee wenye kujua kupiga hivyo ni wachache, na mikono yao yatetemeka. Kijana anayetaka kujifunza asianze na sahani, kwa maana sahani haionyeshi mkono. Amtafute mzee, ampelekee samaki au unga, akae naye. Kisha juma la kwanza apige kidole gumba peke yake, asiguse kamba nyembamba hata akishawishika namna gani. Kidole gumba kikienda bila kufikiriwa, hata mwenyewe akiongea na mtu huku anapiga, ndipo aongeze cha pili.