Kikapu cha Foulata: Vitu vya Kawaida katika Mashimo ya Mfalme Sulemani

Mwalimu akitaja taashira darasani, wanafunzi huangalia juu: tai, radi, jua, damu. Vitu vya nyumbani havihesabiwi. Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya H. Rider Haggard ya 1885 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929, husomwa hivyo hivyo. Tunahesabu almasi, tunamlaani Gagool, tunafunga kitabu. Ningependa walimu wenzangu tukifungue tena, safari hii tutazame vyombo.

Vyombo vya wageni vinajulikana. Kapteni Good ana miwani ya jicho moja, meno ya bandia yanayotoka na kurudi, na uso ulionyolewa nusu. Kuna bunduki, na kuna kalenda inayowajulisha kupatwa kwa mwezi (katika toleo la kwanza la Kiingereza lilikuwa jua, mwandishi akabadilisha). Kwa Wakukuana vitu hivi vinakuwa miujiza, na msomaji anaalikwa kuwacheka Wakukuana. Kejeli hii ya kikoloni tusiipite kimya. Meno ya bandia hayamlishi mtu. Yanaokoa maisha kwa sababu tu mtazamaji amefanywa mjinga na mwandishi.

Lakini riwaya ina vyombo vingine, visivyopigiwa ngoma. Jangwani, watu wakikaribia kufa kwa kiu, anayenusa maji ni mtumishi, Ventvögel. Darasani Kitui sikuhitaji kueleza jambo hili. Mwanafunzi aliyefukua mchanga wa mto Tiva wakati wa kiangazi, au Kaiti upande wa Makueni, anajua kwamba kutambua mahali pa maji ni elimu, wala si uchawi. Mwandishi anampa Ventvögel pua, kana kwamba ni mnyama, maarifa anampokonya. Muda mfupi baadaye Ventvögel anakufa kwa baridi mlimani.

Kisha tunafika kwenye pango la hazina. Foulata, msichana wa Kikukuana, amebeba kikapu chenye nyama kavu na vibuyu vya maji. Hakuna mhusika anayekistaajabia. Kwa wanafunzi wangu, hata hivyo, kilikuwa na jina mara moja: kyondo, na kibuyu ni kitete. Walijua kyondo cha zamani kilisukwa kwa nyuzi za gome la mbuyu kabla ya mkonge kuenea, kwamba hubebwa mgongoni kwa mkanda uliopita kichwani, na kwamba anayekibeba ni mwanamke. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kwa nini wanaume watatu waende kutafuta utajiri bila kubeba maji yao wenyewe. Sijasoma uhakiki uliouliza hivyo.

Gagool anamchoma Foulata kisu, mlango wa jiwe unashuka na kumponda Gagool mwenyewe, na wale watatu wanabaki gizani na masanduku ya almasi. Hapo ndipo thamani ya vitu inapinduka. Mawe waliyovuka jangwa kuyatafuta hayaliwi wala hayanyweki. Wanaishi kwa chakula cha marehemu.

Ukambani tuna jina la hali hii. Wazee waliipa kila yua, yaani kila njaa ya ukame, jina lake. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 ni Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 ni Nikw'a Ngwete: ninakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na madukani hakuna unga. Quatermain na wenzake ndani ya pango ni Nikw'a Ngwete kamili, ingawa Haggard aliandika karibu miaka mia moja kabla.

Atakayepinga atasema kwamba Haggard hakukusudia kikapu kiwe ishara. Huenda. Alitaka kitabu cha kusisimua vijana. Ila taashira haikai katika nia ya mwandishi pekee; hukaa pia katika kazi ambayo kitu kinafanya ndani ya hadithi. Kikapu kinafanya kazi ambayo bunduki, kalenda na miwani haziwezi. Ventvögel aliyepata maji na Foulata aliyebeba chakula wote wanabaki nyuma, wamekufa. Quatermain anatoka na almasi mfukoni, nazo zinamtajirisha Uingereza.

Kosa letu ni kuwapa wanafunzi orodha: kitu hiki kinaashiria kile. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, na majibu yaliyorudi yalikuwa maandishi yangu mwenyewe, pamoja na makosa yake. Siku hizi naanza na swali jepesi: nani amekibeba, na mwishoni yuko wapi? Kwa Mashimo, nusu ya darasa humkumbuka Gagool na kusahau kwamba Foulata alikuwa na mzigo.